Mwenye mpira ni nani? Kuelewa ujifunzaji kwa michezo

Saa sita na nusu mchana, nje ya geti la chekechea moja pande za Mbagala, mama mmoja alimpokea mwanawe aliyetoka mbio, shati limechomoka na viatu vimejaa mchanga.

"Leo mmefanya nini?"

"Tumecheza."

"Halafu?"

"Tukanywa uji."

"Na baada ya uji?"

"Tukacheza tena!"

Mama akamvua begi, akatoa daftari, akapekua. Ukurasa wa jana ulikuwa na mistari ya *a, a, a* na vema nyekundu. Wa leo mweupe. Akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama kando nikimsubiri mtoto wa dada yangu. "Kaka yangu, hivi ndiyo natoa ada kweli?"

Sikuwa na jibu la haraka, na swali lake si la kupuuza. Kwa mzazi wa Dar es Salaam daftari la mtoto ndiyo risiti. Umelipa ada, umenunua sare, umepeleka rimu ya karatasi waliyoagiza, labda na gari la shule umelipia. Ukifungua daftari ukakuta vema tano, roho inatulia: hela imefanya kazi. Mchezo hautoi risiti. Mtoto anarudi na vumbi, na vumbi angelipata bure hata nyumbani.

Sasa ongeza na lugha yetu wenyewe. Mtu akitaka kusema jambo ni zito, husema "hili si mchezo". Anayezembea kazini "anachezea kazi". Skrubu iliyolegea "inacheza". Neno limebeba ulegevu tangu utotoni, halafu mwalimu anakuja kukwambia mwanao amecheza asubuhi nzima na kwamba hilo ndilo somo. Lakini watu wa pwani hii hii, Wazaramo na majirani zao, wakisema mwali "amechezwa" wana maana amefundwa: amekalishwa, ameimbiwa, amepigiwa ngoma, ametegewa mafumbo mpaka akayaelewa. Kumcheza mwali ni kumfundisha. Kwa hiyo wazo la kufunza kwa mchezo halikuletwa na ndege. Bibi zetu walikuwa nalo kwenye sarufi.

Tatizo ni kwamba "mchezo" tunaloligombania ni neno moja lililobeba vitu vingi, na kila anayebishana anashika chake. Mzazi akisikia "kujifunza kwa michezo" anaona watoto wanakimbizana mwalimu akiwa kwenye simu. Mwandishi wa mtaala ana picha ya kona nadhifu yenye vizibo vya soda na vijiti vya kuhesabia. Mwalimu naye anawaza kelele. Wote watatu wanatumia neno lile lile, na ndiyo maana vikao vya wazazi haviishi.

Mtafiti aliyenisaidia kuutatua mkanganyiko huu anaitwa Angela Pyle, wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Utafiti wake unahusiana na agizo la serikali. Mwaka 2010 jimbo la Ontario lilianza kuwaingiza watoto wa miaka minne na mitano katika chekechea ya kutwa, na walimu wakatakiwa wafundishe kwa michezo. Agizo kama hilo kulitamka ni rahisi. Mwalimu akibaki peke yake na watoto, maswali yanaanza: nikiingia kwenye mchezo wao si nitauharibu? Nisipoingia, kusoma na kuhesabu nitafundisha saa ngapi?

Pyle na mwenzake Erica Danniels waliingia katika madarasa 15 ya chekechea, wakakaa, wakatazama, wakawahoji walimu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Walikuta walimu wa aina mbili. Wa kwanza waliamini mchezo ni wa kukuza urafiki, lugha ya maongezi na tabia ya kusubiri zamu, ila kusoma na hesabu ni lazima zifundishwe kando, mwalimu mbele na watoto mkekani. Wa pili waliamini hata herufi na namba zinaweza kuingia ndani ya mchezo. Kinachovutia ni kwamba katika madarasa ya walimu wa kwanza ilionekana aina moja tu ya mchezo, yaani mchezo huru, mwalimu akiwa pembeni. Kwa walimu wa pili zilionekana aina tano. Na wengi waliosita kuingia walisitishwa na woga mmoja, woga wa kuuteka mchezo wa mtoto, kuupora mikononi mwake ukawa wa mwalimu.

Aliyekulia uswahilini anaujua woga huo kwa jina jingine. Kwenye chandimu kuna mwenye mpira. Hata kama hajui kupiga danadana mbili, yeye ndiye anayechagua timu, hatolewi nje, na mama yake akimwita mechi imekwisha. Watoto wengine wanacheza, lakini mpira una mwenyewe. Aina tano za Pyle zimepangwa kwa swali hilo hilo: mwenye mpira hapa ni nani, mtoto au mwalimu? Upande mmoja wa mstari mtoto ameushika mpira wote. Upande wa pili ameushika mwalimu. Katikati wameushika pamoja, na hapo ndipo penye kazi.

Nitumie mchezo ambao kila mtoto wa jiji hili anaujua bila kufundishwa: daladala. Viti viwili viwili, dereva mmoja, konda mmoja, abiria waliobaki.

Watoto wakiupanga wenyewe wakati wa mapumziko, mwalimu akisahihisha madaftari kivulini, huo ni mchezo huru. Usiudharau. Mtazame konda. Mtoto huyu kwenye daladala ya kweli hugombania kiti cha dirishani kuliko kitu kingine chochote, na hapa viti vya dirishani vipo tele, lakini hakai. Anasimama mlangoni dakika ishirini, mkono mmoja umeshika "bomba", mwingine unapiga bati: "Kariakoo, Kariakoo, twende, siti zipo!" Nani kamkataza kukaa? Hakuna. Cheo chake kimemkataza. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky aliliona hili katika mhadhara wake wa mwaka 1933: katika igizo mtoto anajifunza kuishinda tamaa yake ya sasa hivi kwa sababu kanuni ya mchezo ni tamu kuliko tamaa yenyewe. Mwambie mtoto huyo huyo asimame dakika ishirini kama adhabu uone kilio chake.

Aina ya pili inaanzia kwenye swali la mtoto. Siku moja abiria anauliza, "Mbona mwendokasi haina konda?" Mwalimu angeweza kujibu kwa sentensi moja na kuendelea na mambo yake. Badala yake anarudisha mpira: "Eeh, mbona haina? Nauli wanalipaje?" Mmoja anasema kuna dirisha. Mwingine anasema kuna tiketi. Kesho yake mwalimu analeta tiketi zilizokwisha kutumika, wanazikagua, wanaona kuna namba, wanaona kuna maandishi, wanataka kutengeneza za kwao. Penseli zinatoka bila kuamriwa. Huu Pyle anauita mchezo wa udadisi. Mtoto ameuanzisha, mwalimu ameukuza. Ni mgumu kuliko yote, kwa sababu haumo kwenye andalio la somo, hauna tarehe, na mwalimu aliyechoka ataupita bila kuusikia.

Ya tatu ni ya kupanga pamoja. Mwalimu anasema wiki hii darasani tutakuwa na kituo cha daladala, tunahitaji nini? Watoto wanataja: kibao cha njia, hela, usukani, mama wa kuuza karanga. Wanatengeneza pamoja, kisha mwalimu anawaachia wacheze wanavyotaka.

Ya nne ndiyo ninayoipenda. Mwalimu ana lengo mfukoni, tuseme silabi. Kila abiria anapanda na kadi: *ma*, *ka*, *u*, *te*. Dereva anatangaza vituo, na unashuka pale tu kituo kinapoanza na kadi yako. Mwenye *ma* anashuka Magomeni, mwenye *u* anashuka Ubungo, mwenye *te* anashuka Temeke. Lengo ni la mwalimu, lakini hadithi ni ya watoto. Wanaamua nani ana mgonjwa, nani amepitishwa kituo, nani anagombana na konda. Niliwahi kuona mtoto mwenye *ka* akilala usingizi wa uongo mpaka Kariakoo ikapita, kisha akalia kwa sauti, "Suka, umenipitiliza!" Daladala nzima ikageuza. Kwa ajili ya utani wake ilibidi awe macho kusikiliza kila jina la kituo mpaka lake lipite. Zoezi la ubaoni lisingemfanya asikilize hivyo.

Ya tano ni michezo yenye kanuni zilizopangwa: kadi, ludo, bingo za namba. Hapo mpira ni wa mwalimu, au tuseme wa kanuni, na mtoto anacheza ndani yake. Kuna anayeweza kuuliza kama huo bado ni mchezo. Watoto wanauita mchezo, na mimi nimeamua kutobishana nao.

Angalia kwamba Pyle hakusema aina fulani ni bora na nyingine zitupwe. Alichoonyesha ni kwamba kila moja ina kazi yake, na mwalimu mwenye moja tu ana mfuko mtupu. Mchezo huru unafundisha kusubiri, kupatana na kuongoza. Usitegemee ufundishe herufi *m*, maana watoto wanaweza kucheza daladala mwaka mzima bila hata mmoja kuhitaji kuandika.

Je, kuna ushahidi kwamba kuushika mpira kwa pamoja kunafundisha kweli? Upo, ingawa mwingi umetoka nchi tajiri na kwa vikundi vidogo vya watoto. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani, Kelly Fisher, Kathy Hirsh-Pasek na wenzao, waliwagawa watoto wa miaka minne na mitano katika makundi matatu ili wajifunze maumbo. Kundi moja lilielezwa na mtu mzima huku likitazama. La pili liliachiwa maumbo lichezee litakavyo. La tatu lilikuwa "mpelelezi": mtu mzima alicheza nao wakitafuta siri ya kila umbo, akiwauliza pembe ziko wapi, pande ziko ngapi, na watoto wakizigusa wenyewe. Kisha wote wakaonyeshwa maumbo ya ajabu ajabu. Pembetatu ya kawaida, ile ya sambusa, kila mtu anaijua. Shida ni ile nyembamba iliyolala ubavu. Watoto wa kundi la tatu ndio waliotambua kwamba nayo ni pembetatu, na wiki moja baadaye walikuwa bado wanakumbuka. Walioachwa wacheze tu hawakuiona siri hiyo. Kwa hiyo yule mama wa Mbagala ana nusu ya ukweli: kama lengo ni pembetatu, kumwaga maumbo chini na kuondoka hakutoshi.

Nusu ya pili ya ukweli iko katika jaribio jingine, la mwaka 2011, la Elizabeth Bonawitz, Laura Schulz na wenzao. Walitengeneza kichezeo cha mabomba chenye siri nne: bomba linalolia likivutwa, taa iliyofichwa, kibodi cha muziki, na kioo ndani ya bomba. Baadhi ya watoto waliambiwa na mtu anayejifanya mjuzi, "Tazama, nikuonyeshe kinavyofanya kazi," akavuta kikalia. Wengine walipewa bila maelezo. Waliofundishwa siri moja waliichezea hiyo hiyo, wakachoka mapema, wakagundua machache. Ambao hawakufundishwa wakapekua mpaka wakakuta mengine. Watoto hao hawakuwa wavivu. Wana mantiki: mjuzi akikuonyesha kitu kimoja na kunyamaza, maana yake hakuna kingine, kwani kingekuwepo angesema. Mwalimu anayeonyesha kila kitu mapema anafunga milango ambayo hakujua ipo wazi.

Tafiti nyingine zilipokusanywa na kupimwa pamoja, kama walivyofanya watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2022 kwa tafiti 39, mchezo unaoongozwa kwa upole ulishinda ufundishaji wa moja kwa moja katika hesabu za mwanzo, maumbo na wepesi wa kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Kwingineko tofauti haikujitokeza wazi, maana yake walau mtoto hakupoteza. Wapo pia wenye mashaka, na ni vizuri kuwasikiliza. Angeline Lillard na wenzake walipitia mwaka 2013 tafiti za miongo kadhaa kuhusu michezo ya kuigiza, wakasema madai kwamba kuigiza peke yake humfanya mtoto awe na akili au ubunifu zaidi hayana msingi imara kama tunavyoyatangaza. Nasema hivi kwa sababu siku hizi kila bango la chekechea limeandikwa "tunafundisha kwa michezo", kana kwamba mchezo ni dawa ya kunywa kutwa mara tatu.

Turudi kwenye aina ya tano, kwa sababu hapo ndipo uani petu palipo na utajiri. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler waliwachezesha watoto wa familia za kipato cha chini Marekani mchezo wa ubao wenye visanduku kumi kwa mstari mmoja, vimeandikwa 1 hadi 10. Unazungusha mshale, unapata moja au mbili, unasogea. Vipindi vinne vya kama robo saa, basi. Watoto wakawa wanajua namba vizuri zaidi, na wiki tisa baadaye walikuwa bado wanajua. Wenzao waliocheza ubao wa rangi, bila namba, hawakupata kitu. Siri iko kwenye kanuni moja ndogo. Ukiwa kwenye 3 ukapata mbili, hutamki "moja, mbili". Unatamka "nne, tano". Jaribu kwenye ludo la nyumbani usikie: watoto wetu husogeza kete wakisema "moja, mbili, tatu", na namba ya mahali walipo hawaitaji kabisa. Badilisha hiyo tu.

Au chukua mdako. Shimo dogo ardhini, mawe kumi na mawili ndani, jiwe moja la kurusha. Unarusha juu, unakokoa mawe nje, unadaka. Unarusha tena, unayarudisha shimoni ukibakiza moja, unadaka. Ukimaliza yote, raundi inayofuata unabakiza mawili mawili, kisha matatu matatu. Mkono wa kulia uko hewani, wa kushoto hauruhusiwi kusaidia, na akili inafanya hesabu: nimekokoa matano, natakiwa nibakize mawili, nirudishe matatu, na jiwe limeshaanza kushuka. Mtoto wa miaka mitano hataweza raundi za juu. Dada yake wa miaka tisa ataweza, na atafika kwenye tano tano agundue kwamba mawe mawili yanabaki yatima, hayana kundi la kwenda. Hapo ugomvi unaanza: yahesabiwe au yasihesabiwe? Wanaugombania mgao wenye baki bila kujua kwamba una jina na uko kwenye kitabu cha hesabu. Baraza za wazee wa bao, mashimo 32 na kete 64, ni uwanja huo huo kwa watu wenye mvi.

Sasa niseme linaloniudhi. Hakuna sera inayotukataza haya. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Mtaala wa awali wa mwaka 2016, ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ulitaka mtoto ajifunze kwa vitendo na michezo, na madarasa yawe na kona za kujifunzia. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 haukuuacha mwelekeo huo. Kwenye karatasi tumekaa vizuri. Lakini ingia darasani ukaione kona yenyewe. Nimeona kona nzuri, vizibo vimepangwa kwa rangi, makopo yamefunikwa karatasi za kung'aa, na mtoto akinyoosha mkono anaambiwa, "Usiguse, utaharibu!" Inasubiri mthibiti ubora aje aione. Kona ya kujifunzia imekuwa makumbusho.

Simlaumu sana mwalimu. Uwiano unaotakiwa katika darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika shule za serikali za pembezoni mwa jiji hili, jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, kukuta watoto zaidi ya mia kwa mwalimu mmoja si habari ya kumshtua mtu. Madarasa ya Ontario ambamo Pyle alikaa yanakuwa na watoto ishirini na kitu, na watu wazima wawili. Mchezo wa udadisi unahitaji mtu wa kulisikia swali la mtoto. Kati ya sauti mia moja, swali la mwendokasi nani atalisikia?

Ndiyo maana nadhani ni kosa kumkabidhi mwalimu wa Chamazi aina zote tano na kumwambia azitekeleze Jumatatu. Michezo yenye kanuni inasafiri vizuri, kwa sababu ukishawafundisha watoto kanuni wanajiongoza: kikundi hiki mdako, kile kuruka kamba kwa kuhesabu, kile ubao wa namba uliochorwa kwa kijiti mchangani. Daladala haihitaji viti, mstari wa mchangani unatosha. Mwalimu mmoja niliyemtazama alikuwa akikaa na kikundi kimoja tu kila siku. Hakusimama na fimbo, alipanda daladala. "Konda, mimi mtu mzima, nauli kiasi gani? Nina vizibo kumi tu, utanirudishia?" Amekuwa abiria, mpira bado ni wa watoto, na chenji ndilo somo. Vikundi vingine siku hiyo viliachwa vyenyewe, na mwalimu hakudai kwamba anajua vilijifunza nini. Aliandika mstari mmoja mmoja kwenye daftari lake kuhusu wale aliokaa nao, basi.

Kwa shule binafsi tatizo si idadi, ni wateja. Mzazi anajua kwamba mwakani kuna intavyuu ya kuingia darasa la kwanza, mtoto wa miaka sita ataketi mbele ya karatasi, na hakuna shule itakayomuuliza kama anajua kusubiri zamu. Kwa hiyo chekechea inakaririsha, daftari linajaa, Desemba watoto wanavishwa majoho na kofia za pembe nne, wanapigwa picha. Mwenye mpira hapo si mwalimu wala mtoto, ni ile intavyuu. Mradi ipo, mwalimu atafundisha mchezo kwenye bango na kukaririsha darasani.

Siku ile getini haya yote hayakunijia kwa mpangilio. Bodaboda ya yule mama ilikuwa imeshafika, daftari limerudi kwenye begi. Nikamwinamia mtoto.

"Mlicheza nini?"

"Daladala."

"Wewe ulikuwa nani?"

"Konda." Alinitazama kama vile nimeuliza jambo lililo wazi.

"Nauli kiasi gani?"

"Wanafunzi vizibo viwili, wakubwa sita. Mwalimu alipanda, akatoa kumi."

Mama aliyekuwa ameshapanda pikipiki akageuka. "Akatoa kumi? Ukamrudishia ngapi?"

Mtoto akakunjua vidole, akahesabu kimoja kimoja, akafika cha nne akasimama.

"Vinne. Lakini sikumpa."

"Kwa nini?"

"Nilimwambia asubiri chenji."